Salama ya Kila Jioni

Fundi alikuwa na mkasi mkali, lakini ulimi wake uliushinda. Mteja akiingia dukani, hata awe mtu mzima mwenye heshima zake, alisimamishwa katikati ya chumba, mikono juu, futi ikazungushwa kiunoni, halafu namba ikatangazwa kwa sauti ya kusikika mpaka kwa muuza mkaa ng'ambo ya barabara. "Kiuno arobaini na sita. Andika. Na tuache nafasi, huyu hajamaliza kunenepa." Watu walicheka. Aliyepimwa naye alicheka, kwa sababu ukinuna ndiyo unaongezewa. Na walirudi, maana nguo ya Fundi ikikukaa imekukaa. Hakuna aliyewahi kuvaa suruali yake akaanza kuivutavuta njiani.

Aliyeambiwa "andika" ni mkewe. Yeye aliketi kwenye kibao karibu na dirisha, daftari mapajani, kalamu imefungwa kwa uzi isipotee, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila hilo daftari, mtaa mzima ulimwita Mama Daftari. Fundi mwenyewe hakushika kalamu. Alisema mkono wa kukata haupaswi kuzoea kuandika, na kama umewahi kuishi na fundi mzuri unajua wana mambo kama hayo, na kubishana nao ni kujichosha. Kwa miaka ishirini na tatu kila kitu kilichohitaji kukumbukwa katika nyumba ile kilikumbukwa na mwanamke.

Mwili mmoja tu haukutangazwa. Kila mwisho wa mwaka Fundi alijishonea suruali mbili, na siku hiyo futi ilishikwa na mkewe, mlango umefungwa. Inchi thelathini na tatu mwaka waliooana. Thelathini na sita. Thelathini na tisa. Ilipofika arobaini na tatu alimwambia aikaze futi, kwamba ameilegeza, kwamba mwanamke mwenyewe hajui hata kupima. Mikono ilibaki myembamba, miguu ilibaki myembamba, mafuta yote yalikwenda kukaa tumboni. Alishinda ameketi kwenye cherehani tangu asubuhi mpaka jua lizame, birika la chai yenye sukari ya kushikana pembeni, soda mbili mchana, chakula cha kushiba akishafunga duka, kisha kitandani. Nyuma ya shingo ukaanza kumtoka weusi fulani, mnene kidogo ukiugusa, kama mahameli. Mama Daftari alidhani ni uchafu. Akamsugua kwa dodoki, akasugua na kola za mashati kwa sabuni ya kipande, weusi haukutoka, na Fundi akamwambia hata kumsugua mtu mgongo hawezi.

Haukuwa uchafu. Mwili ulikuwa unasema, lakini katika nyumba ile aliyeruhusiwa kusema alikuwa mmoja tu.

Kisha ikaja kiu. Jagi la maji lilikauka kabla ya saa nne asubuhi, likajazwa, likakauka tena. Alipokuwa hanywi alikuwa msalani, na msalani sisimizi walipanga foleni kana kwamba kuna harusi. Mama Daftari aliwaona, akawamwagia maji ya moto. Halafu suruali ya arobaini na tatu ikaanza kuteleza kiunoni. Mtu mwingine angeogopa, Fundi alifurahi. Alipunguza suruali zake mwenyewe, inchi mbili, kisha tatu, akawa anajipiga tumbo mbele ya wateja na kuwaambia kwamba yeye amejipunguza bila dawa wala mbio za asubuhi, wao waendelee kujijaza. Hakujua kwamba mwili wake ulikuwa umeanza kujila. Uzi ulipokataa kuingia kwenye tundu la sindano alilaumu kiwanda cha uzi. Vidole vya miguu vilipoingia ganzi alilaumu saruji ya sakafu, kwa sababu alishona pekupeku. Kiatu, alisema, ni ukuta kati ya mtu na cherehani yake. Pedali lazima uisikie kwa unyayo. Sakafu ya fundi ina pini kila mahali, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akichomwa, akitukana, akichomoa, akiendelea. Siku hizi hakutukana tena. Akajisifu kwamba nyayo zake zimekomaa.

Mpima macho ndiye aliyemwambia kwamba ile haikuwa kazi ya miwani, aende hospitali akapimwe damu.

Walikwenda wote wawili. Alichomwa kidole, na kale kamashine kakatoa ishirini na mbili. Muuguzi wa kliniki ya kisukari, mama mmoja aliyekaribia kustaafu, alimwambia kwamba mtu mwenye afya yake hafiki nane hata akitoka mezani, na kwamba ugonjwa huu haukumwanza mwezi huu wala mwaka huu. Akampa vidonge, akamwomba akae kwenye benchi kwa ajili ya somo, saa moja tu. Fundi akacheka. Alikuwa na suruali thelathini za walinzi za kukata siku hiyo. "Somo mpe huyu," alisema akimwonyesha mkewe kwa kidevu. "Huyu ndiye mwandishi wangu." Akaondoka.

Kwa hiyo mambo ya mwili wa Fundi yaliingia kwenye daftari la mkewe, kama vile viuno vya watu wengine.

Muuguzi alikuwa na namna yake ya kueleza. Chakula ukila, alisema, mwili unakigeuza sukari, na sukari inatembea kwenye damu kutafuta pa kuingia. Nyuma ya tumbo la chakula kuna kiungo kinaitwa kongosho. Hilo linatoa insulini, na kazi ya insulini ni kwenda kwenye nyama, kwenye ini, kila mahali, kupiga hodi ili sukari ifunguliwe iingie, iwe nguvu.

"Sasa mtu akijaza mafuta tumboni, akakaa kitako miaka, na kama kwao ugonjwa huu upo, nyama inakuwa kiziwi. Insulini inapiga hodi, haijibiwi. Kongosho linafanya nini? Linaongeza. Hodi mbili, hodi kumi, hodi mia. Miaka kumi linaongeza tu, na mwenyewe yupo, anakula, anacheka na watu. Halafu linachoka, mama. Likishachoka, halirudi kuwa lilivyokuwa."

Mama Daftari aliandika, na somo hilo alilielewa haraka kuliko muuguzi alivyotegemea. Alijua vizuri kazi ya kuongeza mbele ya kiziwi.

Aliandika na yaliyofuata. Sukari iliyokosa pa kuingia inabaki kwenye damu, inavuta maji kwenda kwenye mkojo, ndiyo ile kiu, ndiyo wale sisimizi. Inakwaruza mishipa midogo ya macho na ya figo. Inaua mishipa ya fahamu kuanzia mbali, kwenye vidole vya miguu, ikipanda taratibu, na mguu uliokufa fahamu unaweza kukanyaga moto bila mwenyewe kugeuka. Damu haifiki vizuri, kidonda hakifungi, vijidudu vinapata karamu.

"Kwa hiyo wewe ndiye utakuwa fahamu zake," muuguzi alimwambia. "Asitembee pekupeku. Na kila jioni utazame nyayo zake, na katikati ya vidole, kama unavyotafuta chawa kwenye pindo. Ukiona hata mkwaruzo, umlete siku hiyo hiyo. Usisubiri kesho. Miguu tunayoikata hapa, mingi ilianza na kitu kidogo na kesho."

Mama Daftari aliandika: *usisubiri kesho*. Akapiga mstari chini yake.

Nyumbani Fundi alisomewa yote. Vidonge alivimeza alipokumbuka. Sukari ya chai alipunguza kwa kukoroga kidogo, jambo ambalo halina maana yoyote. Kandambili alizonunuliwa alizisukuma chini ya meza. Lakini la miguu alilipenda. Kila jioni duka likishafungwa alivuta kigoda, akanyoosha miguu mapajani mwa mkewe kama sultani, na mkewe akaitazama chini ya taa, kisigino, wayo, kidole kwa kidole.

"Kuna nini?" angeuliza.

"Salama," angejibiwa.

Na tusiwe waongo: miezi ile ilikuwa na uzuri wake. Ndiyo saa pekee ya siku ambayo mkono wa mmoja uligusa mwili wa mwingine bila futi kuwa katikati. Mara nyingine Fundi alisinzia miguu ikiwa pale pale, na Mama Daftari aliiacha, akamtazama usoni akiwa amefumba mdomo, akaona kwamba huyu mtu angeweza kupendwa kama angelala zaidi.

Halafu walikuja wapishi.

Walikuwa saba, wanawake wanaopika katika shule ya bweni iliyokuwa karibu, wametumwa kushonewa sare. Mmoja wao alikuwa mdogo wake Mama Daftari, tumbo moja. Fundi alikuwa amechangamka siku hiyo. Alipima na kutangaza, alipima na kutangaza, na kwa kila kiuno alikuwa na neno, kuhusu masufuria ya shule na nani hasa anayemaliza chakula cha watoto. Mkuu wa wapishi, mwanamke mwenye mdomo wake pia, alivumilia mpaka zamu yake ikapita, kisha akasema, "Fundi, sisi umetumaliza. Mbona wa kwako hatujawahi kusikia namba zake?"

Vicheko vikahamia upande wa pili, na Fundi hakuwa mtu wa kuchekwa dukani kwake. Akamwita mkewe asimame.

Mama Daftari alidhani ni utani. Alisimama, daftari bado mkononi, Fundi akamnyang'anya akaliweka juu ya cherehani. Akampitishia futi. Kifua arobaini na nne. Kiuno arobaini na moja. "Leo hakuna wa kuandika," alisema, "kwa hiyo mtakumbuka." Kisha akaishusha futi mpaka tumboni, akaikaza.

"Tumbo arobaini na tano. Na humu, jamani, hajawahi kukaa mtu. Mara tatu wamekuja, mara tatu wametazama nyumba wakaondoka."

Mpishi mmoja alicheka kwa mazoea, akajikatiza. Mdogo wake Mama Daftari aliinamisha uso, akawa anatazama kucha zake. Mimba tatu hizo hakuna aliyekuwa akizijua mtaani. Mama Daftari alizizika kimya kimya, ya mwisho ikiwa na miezi sita na vidole kamili, na mtu pekee aliyekuwa naye chumbani ni huyu aliyeshika futi. Fundi mwenyewe alionekana kujua kwamba amekata kitambaa pasipostahili, maana alikohoa, akaitupia futi begani, akamwita mwingine apimwe. Lakini hakusema pole. Mama Daftari alichukua daftari lake, akaketi, akaandika mapaja na mikono ya wapishi waliobaki, mwandiko umenyooka.

Jioni ile Fundi alinyoosha miguu kama kawaida.

Ulikuwa mguu wa kulia, chini ya mzizi wa kidole gumba. Kichwa cha pini, cheupe, kidogo kama punje ya mtama. Pini yenyewe yote ilikuwa ndani. Pembeni palikuwa na tone moja la damu, limeshakauka. Fundi alikuwa akizungumza juu ya kitambaa cha wapishi, kwamba kitajikunja kikifuliwa, na wala mguu haukushtuka Mama Daftari alipogusa karibu na pale kwa kidole. Angeikamata kwa kucha mbili ingetoka. Kazi ya kufumba na kufumbua.

"Kuna nini?" Fundi aliuliza.

"Salama."

Wapo watakaosema alipitiwa, mwanamke alikuwa na majonzi, macho yalijaa machozi. Hapana. Macho yalikuwa makavu. Aliiona, na alitaka ibaki. Alitaka kwa usiku mmoja kuwe na kitu ndani ya mwili wa yule mtu ambacho yeye Mama Daftari anakijua na mwenyewe hakijui. Asubuhi ataichomoa. Usiku mmoja haujawahi kuua mtu.

Asubuhi alitayarisha kibano, akakiweka mfukoni. Alipofika dukani Fundi alikuwa ameshakaa, anakanyaga pedali kwa mguu ule ule, na muuza mkaa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Fundi alikuwa anamhadithia ya jana. Alikuwa amefika kwenye wageni wanaotazama nyumba na kuondoka, na safari hii alikuwa ameiongezea chumvi. Muuza mkaa alicheka kidogo, akamwona mwanamke, akainamia kikombe chake. Mama Daftari akarudisha kibano kwenye kopo la vifungo.

Siku ya pili ngozi ilikuwa nyekundu pembezoni. Salama. Siku ya tatu alidhamiria kweli kweli kusema, hasira ilikuwa imepungua na hofu imeanza, akafungua mdomo, ndipo akaona alipojifikisha. Kidonda kina umri, na umri wake unaonekana. Fundi angeuliza: na jana uliona nini? Na juzi? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakusema mtu afanye nini akigundua ukuta anaujenga yeye mwenyewe, na amejifungia ndani yake. Alisema salama. Siku ya nne kichwa cha pini hakikuonekana tena. Nyama ilikuwa imevimba ikakimeza, na ukibonyeza palikuwa laini kama papai bivu.

Akaanza kuhangaika. Alimwosha miguu kwa maji ya chumvi, akamwambia ni maagizo ya kliniki. Alimpaka dawa ya vidonda akisema ni mafuta ya ngozi. Alisali, na alikuwa anajua anachokiombea hakipo, kwa sababu yote yalikuwa kwenye daftari, kwa mwandiko wake, yamepigiwa mstari. Mara mbili alitoka kwenda hospitali kumwambia muuguzi, na mara zote mbili aliishia kona ya duka la dawa, akarudi. Alimchukia Fundi kwa kutosikia maumivu. Mtu mwingine yeyote angekuwa amelia siku ya kwanza, na yeye Mama Daftari angeepuka dhambi.

Siku ya saba duka lilianza kunuka.

Fundi alisema ni panya aliyefia nyuma ya majora. Akavua shati, akaanza kuyashusha majora yote ya vitambaa kutoka rafuni, moja moja begani, akienda na kurudi kwa mguu ule, na kila alipopita sakafu ilibaki na alama ya unyevu ambayo hakuna aliyeitazama isipokuwa mmoja. Alimtukana mkewe kwa uvivu wa kufagia. Alimwinamisha chini ya meza, akamwambia atafute vizuri, pua anayo. Na Mama Daftari aliinama, akafagia, akachokonoa kila pembe kwa mti wa ufagio, akimtafuta panya ambaye alijua yuko wapi.

"Umempata?" Fundi aliuliza.

"Sijampata."

"Hata panya mfu anakushinda."

Siku ya tisa Fundi alitetemeka kwa baridi saa sita mchana, jua likiwa utosini. Alisema ni malaria. Alishona mshono mmoja zaidi, ukaenda mrama, jambo ambalo halikuwahi kumtokea, akajaribu kusimama auone kwenye mwanga, akaanguka na kiti chake. Mguu ulikuwa umevimba mpaka kwenye ugoko, na kidole gumba kilikuwa cheusi. Muuza mkaa alimwaga magunia yake, wakampandisha kwenye mkokoteni.

Hospitali walipiga picha. Daktari, kijana mwenye haraka, aliishikilia filamu kwenye mwanga wa dirisha, na pini ilikuwepo, imelala kwenye mfupa, nyeupe na nyoofu, kama iliyochorwa kwa rula. Yule muuguzi wa kliniki alikuwa ameitwa, amesimama miguuni pa kitanda. Daktari alisema ni donda ndugu, limefika kwenye mfupa, na kesho asubuhi mguu utakatwa chini ya goti. Wakichelewa, juu ya goti. Wakichelewa zaidi, wasahau habari ya mguu wafikirie jeneza. Akauliza imekaa humo muda gani.

"Labda jana," Fundi alisema.

"Hii ni wiki na zaidi, mzee."

"Haiwezekani. Mimi natazamwa kila jioni. Huyu mke wangu hajakosa hata siku moja, mvua ije, jua lije." Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema mbele ya watu kwa miaka ishirini na tatu. "Huyu si wa kawaida. Mkimwona hivi kimya, huyu ndiye aliyenishika mpaka leo."

Hapakuwa na tusi lake lolote lililowahi kumkata Mama Daftari kama sifa ile. Muuguzi alimtazama.

"Ni kweli, mama? Kila jioni?"

"Ni kweli."

"Na ulikuwa unaona nini?"

Mama Daftari hakujibu. Muuguzi alikunja karatasi zake, akatoka, kwa sababu baada ya miaka thelathini ya kliniki alikuwa amekwisha jibiwa. Daktari alimfuata. Fundi aligeuza kichwa taratibu kwenye mto.

"Uliiona?"

"Niliiona."

"Siku gani?"

"Siku ya wapishi."

Alitegemea matusi. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata alikuwa na yake ya kumrudishia, aliyoyaweka moyoni miaka yote. Lakini Fundi alimtazama tu, muda mrefu, kama anayetafuta kosa kwenye mshono wake mwenyewe, kisha akageukia ukutani. Asubuhi walimkata.

Hakumwambia mtu. Hilo ndilo Mama Daftari hakulitegemea, na ndilo lililomwadhibu. Ndugu walipokuja, dada yake Fundi alimkumbatia wifi yake mbele ya wodi nzima, akasema wake wa namna hii wamekwisha duniani, nao wakaitikia, na Fundi akiwa kitandani alisikia yote, hakukanusha. Kumshtaki mke kungemlazimu kueleza kilichotangulia, na kilichotangulia hata ulimi wake yeye sasa haukuwa na ubavu wa kukirudia. Nyumbani mwanamke alipiga magoti, akalia, akaomba radhi. "Sijasema kitu," Fundi alimwambia. Akaendelea kutosema kitu, siku baada ya siku, na watu waliosema kwamba kukatwa mguu kumempa adabu walifurahi kupimwa suruali zao kwa amani.

Mguu wa kushoto ulikuwa umebaki, nao ulikuwa na ganzi ile ile, mpaka kifundoni. Huo Mama Daftari hakupewa. Fundi alijaribu kioo, akakiweka sakafuni, akainama. Macho yake yaliona ukungu wenye umbo la mguu, basi. Alimwomba muuza mkaa, akaja siku mbili, siku ya tatu akatuma salamu. Dada yake alikaa wiki moja, akatazama akiwa ameziba pua, akakumbuka kwao. Baada ya hapo wiki tatu zilipita bila mtu kuutazama, na kliniki muuguzi aliuliza ni nani anayeutazama, akaambiwa hakuna.

"Basi mtarudi na huo pia," alisema, akaita mgonjwa mwingine.

Walirudi dukani, mikongojo ikigonga barabara. Saa kumi na mbili jioni Fundi alifunga duka. Alikaa mbele ya cherehani, akatazama mlango, akatazama sakafu, kisha akavuta kigoda, akanyoosha mguu uliobaki, akauweka mapajani mwa mkewe. Hakumtazama usoni.

Mama Daftari aliusogeza kwenye taa. Aliutazama wayo, akautazama ukingo, akapanua kidole kwa kidole. Aliutazama kwa makini kuliko alivyowahi kutazama kitu chochote maishani, na machozi yakamjia, maana mguu ulikuwa mzima, hauna hata mkwaruzo.

"Kuna nini?" Fundi aliuliza. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine, ndogo.

"Salama."

"Apa."

"Wallahi, salama."

"Tazama tena."

Akatazama tena. Alianzia vidoleni, akashuka, na alipofika kisigino alisimama. Hapakuwa na kitu pale. Alisimama tu, kidole juu ya ngozi, akainamisha kichwa karibu kidogo kama mtu aliyeona jambo, na chini ya mkono wake akausikia mguu wa Fundi umeanza kutetemeka, kwanza unyayo, kisha goti. Hakuwahi kumwona akitetemeka kwa kumwogopa yeye. Aliuacha utetemeke kidogo. Kisha akamwambia ni mzima, na akaona kwamba hakuaminiwa, na kwamba kesho jioni watakaa hapa tena.